Siku Niliyoitwa Mama Mdogo

Mimi ndiye mke mkubwa wa boma letu pale Issuna. Nasema mapema ili pasiwe na ubishi. Nyumba yangu ya tembe, ya paa la udongo, ilijengwa ya kwanza na mlango wake unatazama zizi. Kwetu mgeni anayejua mila haulizi: mlango unaotazama zizi ni wa mke mkubwa. Mkubwa hukaa na wageni. Mdogo huleta maji ya kunawa, hupiga magoti, hunyamaza. Mke mwenzangu alipoolewa alikuwa mwembamba kama bua la mtama, akiniita dada bila kuniangalia usoni.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, serikali ikaachia biashara. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni kwenye duka la ushirika sasa imejaa mnadani, mitumba imemwagwa chini, na malori ya wafanyabiashara yanakuja hadi kijijini kutafuta alizeti. Mke mwenzangu akaja kwangu kabla ya mvua.

"Dada, uwele nitasubiri uanze kupanda wewe, mkubwa. Lakini naomba nijaribu alizeti."

Nikamwambia, "Jaribu. Utalisha ndege."

Ndege hawakula. Malori ndiyo yaliyokula, na baada ya misimu michache akaezeka bati.

Wee! Lile bati lilimulika mchana kutwa hadi mlangoni kwangu. Nikageuza kigoda nisilione, mvua ikanyesha nikalisikia. Nilijua kila khanga aliyokuwa nayo, hata zile alizozificha sandukuni. Watoto wa jirani walinipita mbio, shikamoo zao wakazipeleka kwake. Naye akabadilika. Mwendo ukawa wa polepole, sauti ikatoka tumboni kama ya mama mkwe. Hakuna aliyemfundisha. Watu wakikusalimia kama mkubwa, shingo inanyooka yenyewe.

Ndipo binti yangu wa kwanza akachumbiwa na watu wa Nduguti. Siku ya wageni kuja nilifagia, nikapanga vigoda, nikachinja kuku. Nilikuwa jikoni nageuza ugali walipofika. Wakaona bati, wakaingia huko moja kwa moja. Na mume wangu, badala ya kuwarudisha, akawafuata na koti lake la sikukuu.

Nilipoingia nikamkuta mke mwenzangu amekaa kwenye kiti chenye kitambaa, karibu na mume wetu. Akanitazama, safari hii usoni.

"Dada, wageni hawajanawa."

Jagi na beseni vilikuwa pale mlangoni. Hadi leo najiuliza ni nani aliyevibeba. Mikono ni yangu, lakini mimi sikuituma. Magoti yakashuka. Hakuna aliyenisukuma, nilikuwa nimesimama anaposimama mke mdogo, nikafanya anayoyafanya mke mdogo. Nikammiminia maji mshenga, kijana mmoja mwenye kofia kubwa kuliko kichwa.

"Asante sana, mama mdogo," akasema.

Hakuna aliyemsahihisha. Mume wetu alitazama dari.

Mshenga akamgeukia mwenzangu. "Na wewe mama mzazi, tunasubiri neno lako. Binti mnatupa?"

Na yeye, jamani, akafungua mdomo! "Sisi kama wazazi..."

Nikalitua beseni hadi maji yakamrukia mshenga viatuni. "Huyo hana neno! Tumbo lililomzaa binti ni hili hapa. Mke katika boma hili anaombwa kwenye mlango unaotazama zizi. Ninyi mmeingia mlango wa nani?"

Mshenga akavua kofia. "Tusamehe, mama. Tuliona bati."

"Bati linazaa?"

Mzee mmoja wa kwao alicheka hadi akakohoa. "Faini hiyo! Mbuzi! Inukeni, twendeni kwa mwenye mtoto."

Wakahamia kwangu, wakainama mlangoni kama inavyotakiwa. Nikakaa. Mwenzangu akaja nyuma na jagi bila kuitwa, akapiga magoti, na ile sauti ya tumboni ikawa imetoweka. "Karibuni mnawe, baba zangu," akasema, kwa sauti ya bibi harusi. Wakanawa mara ya pili, mikono tayari ni safi kama sahani. Mume wangu, ambaye tangu bati lipande hakuwa ameniuliza kitu, akaniuliza: "Mama, unasemaje?" Nikasema binti aende. Niliisikia sauti yangu imenenepa.

Basi mngedhani nilishiba. Mshenga akafuta mikono, akamtazama yule pale chini, akasema, "Huyu mama mdogo ana adabu! Nyumba yote ile, na bado anapiga magoti." Wenzake wakaitikia. Miaka yote niliyokalia kigoda kile, hajatokea mgeni wa kusifu kukaa kwangu. Yeye kapiga magoti mara moja tu, kasifiwa!

Siku ng'ombe wa mahari walipoletwa nilisimama kwenye lango la zizi tangu asubuhi, asije mtu akawaelekeza kwingine. Walipoingia nikamwita kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "Mdogo wangu, njoo uone ng'ombe wa binti yangu!"

Akaja. Alikuwa amevaa khanga mpya, nyekundu, nzuri kweli. Nikasimama mbele yake ili wageni wasiione.