Boriti Kumi na Saba Ubaoni

Baba yangu alikuwa muuza boriti hapa Amu, mji wa Lamu, na boriti huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mimi nilijua korija kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo siku moja, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, maalim aliponiita ubaoni nijumlishe kumi na saba na nane, niliandika 15: korija moja, na tano zaidi.

Darasa zima lilicheka. Maalim, mtu wa bara asiyependa mzaha, aliuliza vipi kumi na saba iongezwe kisha ipungue. Akachukua kitambaa afute.

"Usifute, Maalim," nikasema. "Nitakuonyesha."

Nilikuwa na hasira, na chaki ilinikatikia mara mbili. Nikachora vijiti kumi na saba, nikachora vingine vinane, kisha nikazungushia ishirini duara moja. Vitano vikabaki nje. Nikasimama mbele ya picha yangu kama mtu anayelinda mlango.

Maalim alivihesabu vyote kwa kidole, polepole. "Vijiti vyako ni sawa," akasema. "Sasa vizungushie kumi kumi, maana tarakimu hizi zinahesabu hivyo."

Nikalifuta lile duara kwa kidole, nikazungusha upya. Yakatoka maduara mawili, na vitano vile vile nje. Hakuna kijiti kilichopotea.

Nikamwomba maalim kitambaa, nikafuta ile moja ya 15 mwenyewe, nikaandika mbili, ikawa 25. Picha sikuifuta, na maalim hakuniambia niifute.