Jipu Lisilokuwa Jipu

Jumanne, tarehe 9 Aprili 2019, msafishaji wa kliniki moja ya meno aliandika katika daftari la usafi, chini ya mstari wa dawa ya sakafu: "Jike wa kijivu hali chakula. Koo limevimba. Haumwi." Sahihi yake ipo pembeni.

Ana miaka hamsini na sita, kumi na mmoja kati ya hiyo akiwa hapo. Tangi la samaki la chumba cha kusubiria lilikuja baadaye, ili wagonjwa wapate cha kutazama wakati mashine ya kuchimba meno inalia chumba cha pili. Nani angelitunza, hakuna aliyeuliza. Likamwangukia yeye, na mwaka wa kwanza kazi yake kubwa ilikuwa kuokota waliokufa.

"Walikuwa wanauana," anasema. "Dume mmoja wa bluu alijifanya mwenye nyumba, wengine wote wapangaji."

Hakusomea samaki. Alivuta kiti kila saa ya chai, akatazama. Aligundua kwamba mbabe yule alikuwa akilinda pango moja tu. Fujo zote zilianzia hapo. Basi kila alipobadilisha maji alihamisha mawe, na mbabe akalazimika kuanza upya kama mgeni. Akaomba waongezwe majike, wakawa wanne, ili dume asimwandame mmoja hadi amchoshe. Vifo vikakoma. Dada wa mapokezi akambandika jina la Hakimu.

"Shangazi Hakimu, leo umesuluhisha ndoa ngapi?"

"Mbili. Ya tatu ni yako, nikishamwona huyo bwana."

Siku moja kabla ya kuandika ule mstari, akiwa anapiga deki, alimwona dume akitetemeka mbele ya jike wa kijivu, juu ya shimo alilochimba mchangani. Jike akataga, akageuka, akayazoa mayai yake kwa mdomo. Hakuyameza.

Alhamisi, daktari mwenye kliniki alisimama mbele ya kioo na tochi yake ya kazini.

"Hilo ni jipu la taya," alisema. "Nimeyapasua mengi kuliko nywele zangu. Mtoe huyo. Na tangi lenyewe liondoke, wagonjwa wakiona uvimbe wanashika mashavu."

"Daktari, hana jipu. Amebeba mayai mdomoni."

"Mama, mambo ya mdomo niachie mimi."

"Ya midomo ya watu, sawa. Nipe wiki tatu. Nikikosea, tangi nitalitoa kwa mikono yangu."

Daktari alikubali huku akicheka. Hakimu alimwekea jike chungu kilichopasuka ukingo, ajifiche humo dume asimsumbue. Siku zikapita bila jike kugusa chakula. Tumbo likaingia ndani, mgongo ukachongoka. Kufikia siku ya kumi na tano, anakiri, usingizi ulianza kumpaa. Ushahidi wake wote ulikuwa macho yake mwenyewe.

"Shangazi, tukutafutie toroli?" aliuliza dada wa mapokezi.

"Tafuta. Utabebea maneno yako."

Jumatatu, tarehe 29, saa tatu asubuhi, jike alifungua mdomo mbele ya wagonjwa watano. Vikatoka visamaki, kila kimoja kama punje ya mchele yenye macho. Daktari aliitwa, akaja na glovu mikononi. Kivuli chake kilipoangukia kioo, watoto wote walikimbilia mdomoni kwa mama yao, naye akaufunga. Ikabidi daktari arudi nyuma na kusubiri. Walipotoka tena aliwahesabu mara mbili: kumi na saba.

"Nimekosea, mama," alisema, wagonjwa wakisikia. "Tena mdomo."

"Mgonjwa mwenyewe alikataa kuufungua. Ungeonaje?"

Anasimulia hayo akiwa amenyoosha mgongo, na idadi ya watoto anaitaja bila kuulizwa. Tangi halikuondoka. Habari zilipofika ghorofa ya pili, daktari wa macho, ambaye samaki wake hawamalizi mwezi, alishuka mwenyewe kuomba msaada.

Kuanzia Jumatano ijayo Hakimu atakuwa akipanda huko mara mbili kwa wiki. Ameshamwagiza asinunue dume mwingine kabla yeye hajafika.