Kabaidi Iliyoitwa Chokaa

Siku ya kwanza kazini nilifika Malaba nimevaa viatu vipya vya ngozi, na kabla ya saa nne asubuhi vilikuwa vimelowa dizeli. Mkaguzi Mkuu, mzee mwembamba aliyebakiza miaka michache astaafu, alivitazama, kisha akanitazama usoni.

"Ajiambo, nani alikudanganya hii ni kazi ya mezani?"

Nilikuwa nimetoka kwetu Marachi, karibu na Butula, nikiwa na diploma ya kemia na miezi michache ya mafunzo bandarini Mombasa. Nilidhani najua. Mzee yule alinipa glavu, akanitembeza kando ya foleni ya malori iliyoanzia kwenye lango la mpaka ikarudi nyuma mpaka macho yakachoka. Alinionyesha kila kitu kwa kidole. Hii ndiyo sili, kufuli dogo lenye namba linalofungwa kwenye mlango wa kontena. Ikikatwa, lazima pawe na maelezo. Hii ndiyo lebo, kibandiko cha pembe nne kilichosimama kwa ncha, ambacho rangi yake inakueleza hatari iliyo ndani. Nyekundu ni kitu kinachowaka upesi. Bluu ni kitu kisichotaka maji. Na hili ndilo tamko la mzigo, karatasi ambayo msafirishaji anatia sahihi kwamba alichokiandika ndicho alichokipakia.

"Sasa sikiza," akasema. "Lori lenye lebo usiliogope sana. Hilo limeshajitambulisha. Ogopa lile limenyamaza."

Vijana mnaosoma haya huenda mkajiuliza mkaguzi wa mizigo hatari anatafuta nini huku bara, mbali na bahari. Ni kwamba kontena likishushwa melini, mara nyingi halifunguliwi. Linapandishwa lori na kukata nchi nzima likiwa limefungwa vilevile, mpaka kwetu, ambako linasimama kwenye foleni siku moja, mbili, nyakati zile hata tatu. Bandarini kuna kanuni ya kutenganisha: mzigo unaowaka hauwekwi karibu na mzigo unaochochea moto, na sumu haikai na chakula. Kwenye foleni ya Malaba kila lori lilisimama pale lilipofika. Ungekuta tanki la petroli nyuma ya lori la viberiti, na kando yao akina mama wanauza chai na mandazi, majiko yao ya mkaa yakitoa moshi. Kila asubuhi nilipouona moshi ule hofu ilinishika. Wenzangu walizoea. Mimi sikuwahi kuzoea, na kwa miaka mingi nilidhani hiyo ni kasoro yangu.

Mzee alistaafu, nami nikapanda cheo kidogo nikawa mkaguzi wa zamu. Wakati huo aliletwa Meneja wa Kituo mgeni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, anayepigiwa simu na wakubwa wake kila saa kuulizwa foleni imefika wapi. Alipenda kusimama nyuma ya kiti changu wakati nikisoma karatasi, na nilisikia pumzi zake.

Asubuhi moja ya msimu wa kupanda mahindi nililetewa karatasi za kontena lililokuwa likienda Uganda. Tamko lilisema chokaa ya ujenzi. Sili ilikuwa nzima na namba yake ilikubaliana na karatasi. Kontena halikuwa na lebo yoyote, na chokaa ya ujenzi haikuhitaji lebo. Nililizunguka. Kwenye kona ya juu, karibu na paa, niliona kutu imekula bati. Nikasema naomba ngazi nichungulie, na pengine tulifungue.

"Ajiambo," Meneja akasema, "chokaa ni chokaa. Unaona foleni imefika wapi? Piga muhuri, mama."

Nikapiga. Hakunishika mkono. Niliupiga mwenyewe.

Ilipofika saa saba mchana nilikuwa napita kando ya foleni kwenda kula. Dereva wa lori lile aliniita kutoka dirishani. Alikuwa Mganda wa makamo, anaitwa Kizito, mpole, mwenye mazoea ya kusalimu kila mtu kabla ya kusema shida yake. Alinisalimu, akauliza watoto, akauliza kazi, ndipo akaniita nyabo, yaani bibi kwa Kiganda, akasema:

"Nyabo, samahani. Hii mzigo yangu tangu Eldoret inanuka kitunguu saumu. Mimi nabeba chokaa miaka mingi. Chokaa hainuki."

Nilikwenda nyuma nikaweka pua kwenye ufa wa mlango. Harufu ile niliitambua.

Kuna jiwe la kijivu linaloitwa kabaidi. Mafundi wa kuchomelea vyuma wanalijua, na wako wafanyabiashara wanaolitumia kuivisha ndizi kwa hila. Ukiliona kwenye pipa unaweza kudhani ni chokaa. Likikaa kavu halina neno. Likipata maji linatoa gesi inayowaka kwa cheche ndogo kabisa, na gesi hiyo ya kiwandani hunuka kama kitunguu saumu. Lebo yake ni ya bluu. Katika lori zima la Kizito hapakuwa na kitu cha bluu ila shati lake.

Nikainua macho. Upande wa Uganda mbingu ilikuwa imeshakuwa nyeusi.

Huku kwetu mvua ya masika huja mchana, na huja bila adabu. Mama wa chai aliyekuwa karibu alikuwa akiimba huku akifunika mandazi yake. "Mungu ametukumbuka," akaniambia. "Mahindi yangu ya Amukura yalikuwa yanakauka." Nilimwitikia, nikiomba moyoni Mungu huyohuyo aizuie. Mbele ya lori la Kizito kulikuwa na tanki la petroli. Nyuma yake kulikuwa na lingine.

Nilikimbia ofisini. Meneja alikuwa kwenye simu.

"Lile la chokaa ni kabaidi," nikasema. "Paa lina tundu na mvua inakuja."

"Una hakika?"

"Nimenusa."

"Umenusa." Alitaka kucheka, kisha akatazama dirishani, akaona mawingu, akaweka simu chini. Namshukuru mpaka leo kwamba hakubishana. Aliwaita zimamoto, akawatuma polisi wawaondoe akina mama na abiria. Lakini matanki yalikuwa yamebanwa mbele na nyuma, na kuyatoa kungechukua saa nzima. Lori pekee lililoweza kuchomoka upesi lilikuwa lilelile la Kizito, kwa kukata kushoto na kuingia kwenye uwanja mtupu walikoegesha malori mabovu.

Nikarudi kwake mbio.

"Kizito, litoe hapa. Lipeleke kule uwanjani, mwisho kabisa."

"Kuna nini, nyabo?"

Hapa ndipo mawazo yangu yamerudi mara nyingi katika maisha yangu. Niliogopa nikimwambia ukweli ataruka chini akimbie, na nani angemlaumu? Matone ya kwanza yalikuwa yameshaanza kunipiga mabegani. Nikasema, "Si ni foleni tu. Meneja anataka nafasi."

Akacheka. "Nyinyi na foleni yenu." Akawasha injini.

Mvua ilishuka kwa kishindo alipokuwa anaingia uwanjani. Mimi na polisi mmoja tulikuwa tunamfuata tukiburuta turubai la kufunika paa, matope yakitushika miguu. Alifika mwisho, akasimamisha lori, akashuka. Nilipiga kelele, lakini mvua ilikula sauti yangu. Akafanya lile ambalo kila dereva mwangalifu hulifanya akisimama: alikwenda nyuma kuangalia mlango.

Sikusikia mlipuko kama watu wanavyodhani. Nilihisi kifua kinasukumwa. Bawa moja la mlango lilifunguka, ulimi wa moto ukatoka, na Kizito akaanguka kando. Polisi yule alinitangulia, akamburuta kwa mkanda wa suruali mpaka kwenye mtaro. Alikuwa hai. Mikono yake sitaki kuieleza.

Gari la zimamoto lilipoingia uwanjani, vijana walianza kukunjua mipira ya maji. Nikasimama mbele yao nimenyoosha mikono.

"Msimwage maji!"

"Mama, toka hapo!" Kamanda wao alifoka.

"Ni kabaidi! Mkimwaga maji mnaupa moto chakula!"

Akainua karatasi aliyopewa na Meneja. "Hapa imeandikwa chokaa. Na imepigwa muhuri."

"Karatasi ni ya uongo. Muhuri ni wangu."

Alinitazama, akalitazama kontena. Kisha akawageukia vijana wake. "Rudisheni mipira. Leteni mchanga mkavu. Watu wote nyuma." Mvua yenyewe ilikuwa bado inaingia kwa lile tundu, na kila baada ya muda kontena liliguna. Hatukuwa na la kufanya ila kukaa mbali na kuliacha liungue. Mvua ilikatika. Jioni lilikuwa limebaki mifupa ya chuma. Matanki yale mawili hayakuguswa hata na cheche.

Watu walinisifu. Mama wa chai alinikumbatia mbele ya polisi. Mimi nilikuwa nawaza mikono ya Kizito.

Uchunguzi ulipoitishwa, Meneja aliniita kando. "Sema karatasi ilitudanganya," akanishauri. "Si uongo, Ajiambo. Ilitudanganya kweli." Mwenye mzigo alikuwa ameshatafutwa kwenye anwani aliyoiandika, na pale palikuwa na kiwanja cha nyasi. Ingekuwa rahisi kumtupia yeye kila kitu. Nilipoketi mbele ya wakubwa nilisema karatasi ilinidanganya, na kwamba niliona kutu nikapiga muhuri bila kufungua. Nikapewa barua ya onyo na uhamisho wa kwenda Busia. Meneja hakuulizwa mengi. Sikumtaja kwa ubaya. Aliondoka Malaba mwaka uleule, na tulipoagana hakuweza kunitazama machoni.

Kabla sijaripoti Busia nilikwenda hospitalini kumwona Kizito. Mikono ilikuwa imefungwa bandeji mpaka viwikoni, na sikio la kushoto lilikuwa halisikii tena, kwa hiyo nilihamisha kiti upande wa kulia. Alinisalimu vilevile, akauliza watoto. Kisha akauliza:

"Nyabo, uliponiambia nisogeze lori, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akikohoa.

"Ungeniambia," akasema. "Ningeendesha tu. Nyuma kulikuwa na watu. Lakini singeenda kuangalia mlango."

Hakupaza sauti. Niliomba msamaha kwa Kiswahili, nikaomba tena kwa Kiluhya bila kujua kwamba nimebadilisha lugha. Alitikisa kichwa, na sikujua alikuwa anakubali au anakataa. Sijui mpaka leo.

Busia nilifanya kazi mpaka nikastaafu. Nilipanga chumba Burumba, karibu na mpaka, na nilisimamia wakaguzi wanne. Niliwafundisha madaraja tisa ya mizigo hatari, namba za tarakimu nne zinazotambulisha kila kemikali, na jinsi ya kupima joto la ukuta wa kontena. Lakini jambo moja nililifanya mwenyewe kila nilipoweza: nilimwendea dereva, nikamweleza kwa mdomo amebeba nini, kitamfanya nini kikivuja, na asifanye nini. Wengi hawakuwa wameambiwa na yeyote. Mtu ametoka Mombasa na asidi mgongoni, anajua ni "dawa ya kiwanda" tu.

Mwanzoni mwa wiki yangu ya mwisho, dereva mmoja aliponisikiliza alizima injini, akashuka, akaenda kando na simu yake. Foleni ikasimama. Honi zikaanza. Msimamizi wangu, kijana mwenye adabu, alikuja akifuta jasho.

"Mama Ajiambo, umemtisha huyu mtu."

"Nimemwambia alichobeba."

"Na akikataa kuendesha?"

"Basi tutatafuta anayejua na anayekubali."

Nilisimama pale juani kama nusu saa, nikijua pengine nimeharibu siku ya watu wote. Dereva alirudi. Akaniuliza maswali matatu, akanirudishia majibu yangu mara mbili kama mtu anayejifunza sala, akapanda, akavuka.

Sasa niko nyumbani Matayos, na vijana wa kazi hunipigia simu. Wengine huuliza kama hofu huisha mtu akipata uzoefu. Nawaambia yangu haikuisha, na siku pekee nilipoifunika hofu hiyo, nilimnyima Kizito, aliyeihitaji kuliko mimi.