Magari Sita, Stesheni Moja

Damaris alikuwa mwanamke wa Jilore aliyeendesha gari, na hilo peke yake lilitosha kumfanya ajulikane. Gari lenyewe lilikuwa Probox jeupe lililokwisha kugeuka rangi ya vumbi. Kila alfajiri lilipakiwa nyanya, mabamia na mchicha kutoka mashamba ya ukingoni mwa mto Sabaki, likaenda kushusha sokoni Malindi. Mumewe, Kalume, alilima, yeye alibeba. Walikuwa wamegawana kazi hivyo tangu watoto wakiwa wadogo, na hakuna aliyemwonea mwenzake gere.

Kitu kimoja tu kilimkera. Damaris alipenda nyimbo kupita kiasi, na redio ya gari lake ilikuwa kama bubu. Gari lilikuja kutoka Japani na redio ya huko huko, ambayo namba zake huishia tisini, na stesheni zote alizozipenda ziko juu ya hapo. Akitafuta nyimbo ilikoroma tu, kama mtu aliyelala kwa shibe. Basi alijiimbia mwenyewe, Jilore hadi mjini, madirisha wazi, hata watu wa njiani wakawa wanaisikia sauti yake kabla ya kuliona gari.

Aliyemtoa kwenye shida hiyo ni Linet, binti wa kaka yake. Linet aliuza simu katika duka moja mjini, na siku moja alimfuata sokoni na kidude kinachoenea kiganjani.

"Shikamoo shangazi. Nimekuletea zawadi."

"Marahaba mwanangu. Hii ni nini, dawa ya mbu?"

"Ni modyuleta." Linet alikichomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara, kikawaka taa ya samawati. "Hiki kinachukua nyimbo kwenye simu yako kinazirusha hewani, kama stesheni ndogo. Redio yako inazidaka. Tutafute tu mahali ambapo hapana mtu anayezungumza."

Walitafuta. Hapa mhubiri, pale habari, pale mlio wa kukwaruza. Kwenye themanini na nane nukta tatu palikuwa kimya, kama kiwanja kisicho na mwenyewe. Linet akaweka namba hiyo hiyo kwenye kidude, akagusa simu, na kwaya ya kanisa la Jilore ikafumuka kutoka spika za milangoni. Damaris alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama.

"Wee! Wamo humu ndani!"

Tangu siku hiyo safari zikawa fupi. Alikuwa na kwaya za asubuhi, taarabu za mchana jua likiwaka, na mwanzele, ngoma ya kwao, wa kurudia nyumbani. Na siku moja, akiwa kwenye foleni ya petroli, dereva wa gari la kando alitoa kichwa dirishani.

"Mama, samahani. Nami nina kidude kama hicho chako, namba hiyo hiyo. Nilikuwa nasikiliza mahubiri, ghafla mhubiri ameanza kupiga kayamba!"

Damaris alicheka hadi akasahau kusogeza gari. Alipofika nyumbani alimhadithia Kalume kwamba nyimbo zake zilikuwa zimeruka ukuta zikaingia kwa jirani.

Mwaka uliofuata Linet aliposwa. Mchumba wake aliitwa Eugene Mwaura, mpishi wa hoteli, kijana mpole ambaye wazazi wake walihamia Mtwapa kutoka bara. Harusi ikafanyika Adu, nyumbani kwa Ziro, baba yake Linet. Kanisani mambo yalikwenda vizuri. Shida ilikuwa uwanjani. Turubai lilikuwa limefungwa, pilau imeiva, wageni wa Mtwapa wameketi na nguo zao nzuri, lakini mtu wa muziki hakuonekana. Mwishowe alipiga simu. Lori lililobeba spika lilikuwa limekatika ekseli mbali huko, na fundi hakuwa amefika.

Wanawake wa nyumbani hawakungoja. Walishika kayamba wakaimba, na waliimba vizuri. Lakini wakwe hawakuyajua maneno. Walipiga makofi kwa adabu tu, kama watu wanaongojea kuitwa. Mama yake Eugene, aliyeitwa Wangu, alitazama chini akipanga na kupangua pindo la gauni lake. Linet naye alikuwa ndani ya nyumba, hataki kutoka. Wenzake wa kwaya ya mjini walikuwa wamemrekodia wimbo wa kumtoa nje, naye alikuwa ameungojea.

"Shangazi," alimwambia Damaris alipoingia kumtazama. "Nitatoka vipi kimya kimya?"

"Huo wimbo uko wapi?"

"Kwenye simu yangu."

"Nipe." Damaris alikwisha kufika mlangoni alipogeuka. "Na usilie, utaharibu wanja."

Alilileta Probox mpaka ukingoni mwa turubai, akafungua milango yote minne na mlango wa nyuma. Wimbo ulisikika, lakini uwanja ulikuwa mpana, sauti ikafia kwenye safu ya pili ya viti. Hapo ndipo alipomkumbuka yule dereva wa foleni ya petroli. Alisimama mbele ya wageni wa Mtwapa, kilemba kimemwendea upande.

"Wenye magari! Nawaomba myalete hapa, myapange kama kwato la farasi, karibu karibu. Redio ziwe themanini na nane nukta tatu!"

Watu walitazamana. Eugene, bwana harusi mwenyewe, ndiye aliyeinuka kwanza, suti na yote, akaenda kulichukua gari alilokuja nalo. Wengine wakafuata. Gari la pili lilipodaka, sauti ilinenepa. La tatu likakoroma tu, wakalisukuma hatua chache mbele, likakohoa, likaimba. Yakatimia sita. Mwambire, mjomba wake Ziro, alipoona hivyo alikwenda chumbani kwake akarudi na redio yake ya betri, akaikalisha juu ya meza ya wazee.

"Na hii imo?" aliuliza, akizungusha kitufe. Ikaimba. "Imo!" akapiga kelele, na watu wote wakacheka.

Linet alitoka. Wimbo ulimjia kutoka kila upande, na vigelegele vikaufunika, kisha ukaibuka tena. Damaris alikuwa ameinama ndani ya Probox akilinda simu isizimike, kwa hiyo alimwona bibi harusi kupitia kioo cha mbele tu, chenye vumbi. Alilia mwenyewe, wanja ukamharibikia.

Baadaye Wangu alikuja dirishani na simu yake. "Mama, na nyimbo za kwetu zitaingia humo?"

"Huku hakuna anayekataliwa."

Kumbe walichohitaji wageni ni mlango tu. Wimbo wa bara ulipoanza, wakwe waliinuka wote pamoja, na wanawake wa Adu, ambao hawakuelewa hata neno, waliyatafutia mabega yao mahali katika mdundo wake, wakapaona. Gari moja liliishiwa betri, likasukumwa na mashemeji waliovaa tai. Lori la muziki lilifika jua likikaribia kutua. Yule mtu wa spika aliteremka akiomba radhi kabla hajafunga mlango; Ziro akamkatiza kwa sahani ya pilau, akamwambia aketi ale, maana hapakuwa na kilichoharibika.

Wakati wa kuondoka Wangu alikataa kupanda basi dogo walilokodi watu wake. "Mimi nakwenda na huyu mpaka Malindi," alisema, akapanda mbele bila kungoja jibu. Alitupa viatu chini, akakunja miguu kitini.

Barabarani walisikiliza nyimbo za huyu, kisha za yule. Wangu alitafsiri wimbo mmoja uliomchokoza mama mkwe anayependa chakula, na Damaris akaapa kuwa anamjua mtu wa namna hiyo. Baada ya Gongoni Wangu alinyamaza. Damaris alipomtazama, alikuwa amelala kinywa wazi, kichwa kikigonga kioo taratibu. Damaris akavua kilemba chake, akakikunja kwa mkono mmoja, akakisukumiza kati ya kichwa na kioo, akaendelea kuendesha.