Nilirekebisha saa ya taa ya Akko bila kumuuliza, nusura ahamishwe kutoka Isiolo

Wakuu, heshima kwenu. Waislamu salaam aleikum, wengine habari za saa hizi.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, huwa napita tu nikicheka na kusonga. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni. Sikulisikia kwa mtu. Lilitokea kwa plot ninayoishi, nyumba zetu za kupanga, na mkosaji ni mimi, kwa hivyo sina sababu ya kuliongezea chumvi.

Mimi ni fundi wa simu hapa Isiolo, mtaa wa Bulla Pesa. Redio, chaja, saa, chochote chenye waya nafungua. Kazi naijua, na hapo ndipo shida ilipoanzia, mtaona.

Mlango unaopakana na wangu anakaa mama mmoja mzee wa Kiborana, anaitwa Tume. Plot nzima tunamwita Akko, yaani nyanya. Mimi ni Mmeru, lakini hata mamangu akinitembelea anamwita Akko.

Akko anauza maziwa ya ngamia. Kazi yake iko hivi: maziwa yanakuja na pikipiki alfajiri kutoka malishoni upande wa Burat. Akina mama wanayapokea kando ya barabara, wanafungua kila mtungi na kuunusa, mbaya unawekwa kando, mzuri unapakiwa kwa basi la Nairobi. Kwa kunusa hakuna anayemshinda Akko. Wenzake wakibishana juu ya mtungi, wanamletea yeye, na akisema hapana basi ni hapana.

Sasa, masikio yake yakaanza kufa. Polepole, mwishowe sikio la kushoto likaenda kabisa na la kulia likabaki la kukisia. Ukiongea naye lazima umtazame usoni, asome mdomo.

Zamani alikuwa anaamshwa na adhana. Adhana ikapotea. Tukajaribu simu ya kutetemeka chini ya mto, hakuisikia. Kumgongea mlango ni kazi bure. Akachelewa maziwa mara ya kwanza, mara ya pili, na habari ikamfikia mwanawe.

Mwanawe ni Wario. Anafanya kazi ya ofisi Nairobi, kijana mpole, hana makuu. Alikuja akasema mama sasa inatosha, twende ukae kwangu. Akko akakataa. Aliniambia mwenyewe, "Huko nitakaa kwa kiti mpaka nikufe. Hakuna mtu huko ananiletea kitu ninuse."

Wakaafikiana hivi: mwezi mmoja. Akko asipokosa maziwa hata siku moja, Wario hatalitaja hilo neno tena. Akikosa, anafunga mizigo.

Hapo ndipo nilipoingia na ushujaa wangu.

Nilikuwa nimeenda Nairobi kuchukua spea, nikaona saa ya mezani, ya mishale, ina taa nyeupe zimezunguka ukingo. Alarm ikilia, taa zote zinawaka na kuzimika, zinawaka na kuzimika, mpaka uipige kichwani. Chumba kizima kinakuwa mchana. Niliinunua hapo hapo.

Nilimwekea kwa stuli, ikaangalia kitanda. Nyuma ina vifundo viwili vya kuzungusha: kimoja cha mishale mikubwa, kingine cha mshale mdogo mwekundu wa alarm. Nikamwekea ule mwekundu kwa tano, maana anaamka saa kumi na moja alfajiri. Nikamwonyesha jinsi ya kuzungusha, akatikisa kichwa kuwa ameelewa.

Kesho yake alipita kwa kibanda changu akitoka kupakia maziwa, akasema, "Fundi, saa yako imeniletea jua ndani ya nyumba." Wiki tatu na ushee hakukosa hata siku moja. Plot nzima ikaniita daktari wa masikio. Mnajua ile methali, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilisifiwa wakuu, nilisifiwa vizuri.

Zikabaki siku sita mwezi uishe.

Jioni moja Akko aliniomba niangalie soketi yake, ilikuwa inatoa cheche. Nikafika, mlango uko wazi, yeye yuko kwa mkeka anaswali alasiri. Nikapita pembeni polepole nikatengeneza soketi. Nilipoinuka macho yakaangukia ile saa.

Saa inaonyesha kumi.

Nikatoa simu. Simu inaonyesha nne na dakika tano. Nikajiambia moyoni, sasa hivi ni saa kumi jioni, mbona hii saa inaonyesha kumi?

Someni hiyo sentensi tena. Mimi niliisema kichwani mwangu, kwa Kiswahili, na sikusikia chochote kibaya ndani yake.

Nikadhani imeanguka, au betri imechoka, au mzee wa watu ameichezea. Nikabadilisha betri, nikazungusha mishale mikubwa ikalingana na simu yangu. Ule mshale mdogo mwekundu sikuuangalia, nilijua niliuacha kwa tano. Akko bado alikuwa kwa mkeka, na kibandani kulikuwa na mteja, nikaondoka. Nilitembea nikijisikia mtu wa maana sana.

Asubuhi nilipofungua mlango kama saa moja hivi, nilikuta majirani wamesimama uani wanaongea chini chini.

Akko alikuwa ametoka usiku. Kwa maelezo yao, alifika kando ya barabara na mitungi yake mitupu saa tano usiku na kitu, akaketi kusubiri pikipiki za maziwa. Watu wakipita anawaamkia kama kumekucha. Mlinzi wa duka moja alimwangalia mwisho akamwendea, akamuuliza anangoja nini. Akasema maziwa, na leo yamechelewa. Mlinzi akamwambia ni usiku, Akko akakataa, akasema yeye ameshaswali alfajiri.

Mlinzi alipiga namba iliyoandikwa kwa mtungi. Kwa vile Akko hasikii simu, hiyo namba ni ya Wario.

Alirudishwa nyumbani amechoka, akalala, na alfajiri ya kweli ilipofika hakuamka. Wenzake walimpokelea maziwa, basi likaondoka.

Nitakuwa mkweli: hadi hapo sikuunganisha chochote. Nilisema "maskini Akko" kama wengine, nikaenda kufungua kibanda.

Wario alifika mchana. Niliporudi kula nilimkuta chumbani kwa mamake na begi kubwa limefunguliwa kitandani. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lilinitisha, maana mtu aliyekasirika hupoa. Alinisalimu vizuri, akanishukuru kwa yote niliyomfanyia mamake, akasema, "Masikio tungevumilia. Lakini sasa hajui usiku na mchana. Hiyo si ya kuachia majirani."

Akko alikuwa ameketi mlangoni, miguu kwa jua, mwili kivulini. Hakuwa anabishana, na Akko mnayemsoma hapa ni mtu wa kubishana hata na pikipiki. Nikachuchumaa mbele yake anione mdomo, nikamwambia pole, nikamuuliza ilikuwaje.

Akasema, "Hata mimi najiuliza, fundi. Niliona taa, nikaamka. Nikaangalia saa, iko kumi na moja. Nikaswali, nikatoka. Labda kichwa yangu imeenda na masikio."

Jamani, ile "labda" iliniuma. Mama huyu hasemi labda hata akinusa mtungi uliofungwa.

Nikainua macho nikaitazama saa pale kwa stuli. Mishale mikubwa inaonyesha mbili na robo, kama nilivyoirekebisha. Mshale mdogo mwekundu uko kwa kumi na moja.

Mimi sikuwahi kuuweka kwa kumi na moja.

Hapo ndipo nilipoelewa yote. Sasa niwaambie kitu ambacho sikumwambia mtu mwingine: nilinyamaza. Kama dakika tano hivi nilisimama nikimtazama Wario akikunja leso za mamake na kuziweka kwa begi. Niliwaza jina langu kibandani. Niliwaza kwamba Nairobi pengine atatunzwa vizuri, kuna hospitali, kuna wajukuu. Mtu akitaka kuficha kosa hakosi sababu nzuri.

Kisha Akko akainuka, akachukua mtungi wake mmoja mtupu, akaunusa kwa mazoea, akamuuliza mwanawe kama na huo utaingia kwa begi. Sikuweza tena.

Nikamshika bega anitazame. "Akko, nani aliweka huu mshale mwekundu kwa kumi na moja?"

"Ni mimi," akasema. "Wewe ulikosea ukaweka tano. Jua bado iko chini, watu wamelala, tano gani hiyo? Redio, nilipokuwa naisikia, ilisema kumi na moja, watu wote wanasema kumi na moja. Saa peke yake ndio inasema tano. Nikazungusha yote mpaka ikaacha uongo."

Yaani siku ile ile ya kwanza nilipotoka tu, Akko aliipanga upya saa nzima. Ikifika saa kumi na moja alfajiri, saa yake inaonyesha kumi na moja. Saa mbili usiku, inaonyesha mbili. Wiki tatu ilimwamsha kwa hesabu yake, haikukosea hata dakika. Mimi ndiye niliyerudisha mishale mikubwa kwa hesabu ya simu na kuuacha ule mwekundu pale pale. Kwa hivyo taa ziliwaka saa tano usiku, akatazama, akaona kumi na moja, akatii.

Nilimweleza Wario mbele ya mamake, mbele ya majirani wawili waliokuwa mlangoni, nikimtazama Akko ili naye asome kila neno. Nilisema ni mimi niliyeigusa, sikuuliza, na mama yako kichwa chake ni kizima.

Wario aliitazama saa muda mrefu. Halafu akamgeukia mamake, akamuuliza polepole saa hii ni saa ngapi.

Akko hakuitazama saa. Alitazama kivuli cha mlango kilipofika sakafuni. "Nane," akasema, "imepita kidogo." Wario akaangalia simu yake. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

Alianza kutoa leso moja moja kwa begi, na nikaona macho yake yamelowa.

Lakini hakuondoka. Alisema atalala pale, ajionee mwenyewe. Jioni hiyo nilifungua saa mbele yao wote, na safari hii niliuliza kila hatua. Nilitoa bamba lenye namba, nikaligeuza juu chini, nikalibandika tena. Sasa kumi na mbili iko chini na sita iko juu: mshale wa saa ukifuata simu, namba inasema hesabu ya Akko, na dakika bado zinaanzia juu. Akko akasema sawa. Nikapanga mishale, akasema sawa. Mshale mwekundu akaupanga mwenyewe.

Alfajiri Wario alikuwa amelala kwa mkeka, au anajifanya amelala. Taa zikawaka. Mamake akaipiga saa kichwani, akatawadha, akaswali, kisha akairudia na ile swala aliyoiswali kabla ya wakati usiku uliotangulia, maana hilo ndilo lililomsumbua kuliko begi. Akamruka mwanawe akatoka. Wario akamfuata akimbebea mitungi.

Alirudi Nairobi kwa basi lile lile lililobeba maziwa. Hajataja kuhama tena.

Mimi nilingoja Akko anigombeze. Siku ya tatu akaja kibandani na chupa ya maziwa, akaiweka juu ya meza, akanitazama.

"Fundi," akasema, "mimi nilirekebisha kosa lako nikanyamaza, ili usione aibu. Wewe ulirekebisha saa yangu ukanyamaza, ili upate sifa."

Akaenda zake. Maziwa nilikunywa, lakini yalishuka kwa shida.

Wakuu, funzo langu ni hilo, sina jingine. Kuuliza si ujinga tulifundishwa tukiwa wadogo, ila tukishakuwa mafundi tunadhani ni methali ya wateja. Siku hizi mtu akiniletea saa, kabla sijaigusa namuuliza: kwenu hii husema saa ngapi? Wengine wananiona nimechanganyikiwa.

Nanyi semeni. Kuna mtu hapa ameshawahi kutengeneza kitu kilichokuwa kizima? Na kwa nini sisi sote tunatazama tano na kusema kumi na moja bila hata kushtuka? Nasoma kila jibu, hata la kunichapa. Nimeshalizoea.