Boneti ya Gari la Mustapha

Tangu ajali ile ya barabarani kule Bonga, Mustapha hakuweza kuliangalia gari lake bila macho kukwama kwenye boneti. Fundi wa bodi alikwisha kuinyoosha na kuipulizia rangi mpya, akaapa kwamba hakuna binadamu atakayejua. Polisi nao walikwisha kumwachia. Mtu alichomoka nyuma ya lori lililoegeshwa, akagongwa akafa, na abiria wa teksi wakathibitisha kwamba dereva hakuwa na kosa. Lakini kila jua lilipoingia uani kwake Maisaka, aliiona sehemu ile, imeiva weusi kupita gari zima.

Alikuwa dereva teksi tangu ujana wake, mcheshi, na gari lake lilisifiwa stendi nzima kwa usafi. Sasa stendi alikuwa haendi. Asubuhi aliosha gari, akalikausha, akachota waksi koponi na kuipaka kwa sponji, mviringo kwa mviringo, akangoja ikauke kama ukungu ndipo aifute kwa kitambaa laini mpaka rangi ing'ae. Kesho yake alianza upya.

"Baba Ibra," mkewe Salme alimwambia, "jana ulipaka. Juzi ulipaka. Rangi gani hiyo isiyoshiba?"

"Bado haijakaa sawa."

"Haitakaa sawa. Na watoto nao tuwapikie waksi?"

Mustapha aliendelea kusugua.

Siku hiyohiyo hodi ilipigwa. Aliingia mama mtu mzima, Mmaasai, amejifunga shuka la bluu, miguu imejaa vumbi la safari. Salme alimpa kiti, akakikataa.

"Shikamoo, mama," alisema Mustapha.

"Marahaba. Mwenye gari ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mimi ni Noonkipa. Natoka Kiteto, nimeuliza watu mpaka nimefika. Yule wa barabarani ni mtoto wangu."

Sponji ilimponyoka Mustapha. Waliokuja kuchukua maiti walikuwa wanaume peke yao, na hakuna aliyemwambia kwamba marehemu ana mama.

"Mama, nisamehe. Mwanao Kilusu alitokea ghafla..."

Noonkipa aliinua mkono. "Usimtaje. Kwetu aliyekwenda hatajwi. Nionyeshe mahali gari lilipomgusa."

Mustapha alinyoosha kidole kwenye boneti, pale ambapo waksi ilikuwa bado mbichi. Mama aliinama akatazama, akasogea upande wa pili akatazama tena. Kisha akaweka kiganja.

"Hapa hakuna kitu."

"Ilinyooshwa, mama. Ikapakwa rangi."

"Wanaume walirudi wakaniambia tumemzika, basi, nyamaza. Nikasema nitakwenda mwenyewe, nione. Nimekuja, na wewe umefuta."

"Sijafuta. Mimi ninapaona kila siku."

"Wewe unapaona. Na mimi je?"

Salme alileta maji, akamshika mama mkono na kumnawisha ile waksi kwa sabuni, kidole kimoja kimoja, yeye mwenyewe akitokwa na machozi. Noonkipa alijiachia anawishwe kama mtoto.

"Nitakupeleka Bonga," Mustapha alisema mwishowe. "Nitakuonyesha mahali penyewe."

"Gari hili silipandi."

"Tutakwenda kwa miguu."

Wakaishika barabara ya Dodoma, mama mbele, Mustapha nyuma, magari yakiwapita kwa vishindo na kila moja likimfanya afumbe macho. Ilikuwa mara yake ya kwanza kurudi. Walipofika alimwonyesha mahali lori liliposimama, na mahali mtu alipoangukia. Lami ilikuwa kavu, safi, kama barabara nyingine yoyote. Noonkipa aling'oa majani mabichi pembezoni, akayaweka chini, akaketi kando yake na kuanza kusema kwa Kimaasai, polepole, kama mtu anayezungumza na aliyelala. Mustapha hakuelewa hata neno. Alisimama palepale mpaka mama alipomaliza.

"Sasa nimepaona," alisema Noonkipa. Hakumsamehe kwa kinywa, wala hakumlaani. Alisimamisha basi la kwenda kwao, akapanda, hakugeuka.

Mustapha hakushika usukani tena. Siku hizi analima vibarua Sigino, kwenye mashamba ya watu yaliyo karibu na barabara. Wenzake wamezoea kwamba lori likisikika linakuja, yeye huweka jembe chini, akainamisha kichwa, na hasemi na mtu mpaka mlio wake upotee.