Bibi Somoe Aliuliza Swali

Siku ile sijaisahau, mwanangu, na wala sina nia ya kuisahau. Nilikuwa kijana nisiyetulia. Shule niliiacha darasa la tano, nikabeba magunia ya korosho, nikavuna chumvi, nikawa utingo wa malori ya Lindi, na popote nilipofika nilikuwa na kazi moja isiyo na mshahara, nayo ni kuuliza. Basi siku hiyo, katika kijiji kimoja cha ndani ukitokea Kitomanga, nilimsikia bibi kizee akiuliza swali, na nikaliona swali lake likizimwa mbele ya macho yangu. Hasira ile nilidhani imepoa. Juzi, kwenye kikao cha ukoo hapa Kiranjeranje, mmeiwasha upya.

Nianze na kikao, maana wewe ulikuwepo lakini ulikuwa umeinamisha kichwa, hukuona nyuso zetu.

Waliniita kutoka Kilwa Masoko, nilikoshika kazi ya kupaka rangi nyumba ya wageni. Hawakuniita kwa kuwa nina akili kuliko wao. Waliniita kwa sababu kwetu jambo la mtoto wa dada halifungwi mpaka mjomba wake aseme neno, hata kama mjomba mwenyewe ni mtu wa kulala leo hapa kesho pale. Walidhani nitafika, nitakunywa chai, nitaitikia na nitaondoka. Jambo lenyewe walishalimaliza. Chuo kimekuchagua ukasome Kijerumani, lugha yao, fasihi yao na mila zao, na kilichobaki ni wewe kuthibitisha kwa simu kabla ya Ijumaa. Wao wanataka uache, uombe uuguzi.

Ba'mkubwa wako Athumani ndiye aliyefungua. "Kijerumani," akasema. "Katika vyote alivyoumba Mungu, Kijerumani. Hayo mashairi ya Kijerumani atamsomea nani, mikorosho?"

Watu wakacheka. Baba yako naye akacheka, nikamwonea aibu, maana najua alivyokesha siku ulipofaulu.

Kisha Athumani akakaza sauti. "Hao ndio walionyonga watu Kilwa Kivinje. Hao ndio waliochoma maghala ya chakula wakati wa vita, babu zetu wakafa njaa vichakani. Leo mtoto wetu akajifunze kuimba nyimbo zao?"

Hilo la pili sikulicheka, na wewe usije ukalicheka hata ukiwa profesa. Ni kweli na linauma mpaka leo.

Lakini kilichonichoma zaidi ni wewe. Walipokugeukia ukasema kwa sauti ya kuomba radhi, "Mkisema nibadilishe, nitabadilisha." Umekesha na vitabu miaka yote hiyo, umechagua mwenyewe kitu unachokipenda, halafu unakitoa kama mtu anayerudisha ungo wa jirani.

"Haya mjomba, tufungie," akasema Athumani.

Nikamwambia, "Sifungi. Nipeni chai nyingine, nina habari ya kuwaeleza."

Nikawaeleza hii ninayokuandikia wewe sasa kwa sababu nilikuona unatoka kwenda jikoni na hukuisikia yote.

Wakati ule wa ujana wangu alikuja mama mmoja wa Kijerumani, mtafiti, kuulizia habari za Tendaguru. Unajua kwamba katika vilima vile, zamani za ukoloni wao, Wajerumani walichimba mifupa ya wanyama wakubwa wa kale, na watu wa vijiji vyetu wakaibeba vichwani na mabegani mpaka Lindi, ikapakiwa melini ikaenda zake Ulaya. Huko iko mpaka leo, watu wanaitazama. Mama yule alitaka kuzungumza na wazee waliosikia habari hizo kwa baba zao. Alifuatana na mkalimani kutoka Dar es Salaam, kijana mtanashati, amesoma hukohuko Ujerumani na Kijerumani chake kilikuwa kinatiririka. Mimi niliajiriwa kuchota maji na kupika.

Wanakijiji wakatuelekeza kwa Bibi Somoe. Alikuwa mzee sana, amekaa kwenye mkeka akimenya mihogo, na hakuacha kumenya kwa ajili ya mgeni. Alisema Kimachinga, lugha yetu ya nyumbani, zaidi ya Kiswahili, kwa hiyo nikaitwa kutoka jikoni: yeye ananiambia mimi, mimi namwambia mkalimani kwa Kiswahili, mkalimani anampa yule mama kwa Kijerumani. Nilifurahi kuliko siku ya Idi. Nilikuwa daraja, mwanangu, mimi wa darasa la tano.

Bibi Somoe akasimulia namna baba yake alivyobeba mifupa iliyofungwa kwa udongo na majani, namna wabebaji walivyoimba njiani ili wasisikie uzito, namna wanawake walivyotwanga usiku na mchana kuwalisha. Alisema watoto waliogopa kupita kilimani, wakiamini ni mifupa ya zimwi, na baba yake akifika nyumbani hakuruhusiwa kumbeba mtoto mpaka aoge. Mama wa Kijerumani alikuwa anaandika mpaka jasho linamdondoka puani.

Halafu Bibi Somoe akaacha kumenya. Akanitazama, akasema, "Muulize mgeni wako. Mifupa ile waliichukua kwa idhini ya nani hapa kwetu? Na watairudisha lini? Baba yangu alikuwa akiuliza hivyo mpaka anakufa."

Nililifikisha neno kwa neno. Mkalimani akamgeukia yule mama, akasema kitu kifupi huku anatabasamu. Mama naye akatabasamu, akaweka mkono kifuani kama mtu aliyeshukuriwa, akafungua mkoba, akatoa kipande cha sabuni ya kuogea yenye manukato na kumkabidhi bibi kwa mikono miwili.

Bibi Somoe aliigeuzageuza. Akanusa. Akaniuliza, "Hili ndilo jibu?"

Nikainama, nikaanza kuokota maganda ya mihogo.

Akasema, "Mimi nimeuliza swali, nimepewa sabuni. Kwani nanuka?"

Nilimfuata mkalimani penye gari. Nikamwambia, "Kaka, swali la bibi umelipeleka?"

"Swali gani?"

"La kurudisha mifupa."

Akanicheka. "Wewe mpishi, angalia sufuria lako. Nimemwambia bibi anamkaribisha sana. Maneno kama yale yanawaudhi wageni, na wakiudhika hawaji tena. Mimi na wewe tutakula wapi?"

Nilikwenda kwa yule mama mwenyewe. Nikaonyesha kule kilimani, nikaonyesha kichwa changu kama mtu aliyebeba mzigo, nikaonyesha mbali kuelekea baharini, kisha nikavuta mikono kuelekea kifuani kumaanisha irudi. Alinitazama kwa makini, maskini, alitaka sana kunielewa, na mpaka leo siwezi kumchukia. Mwishowe akatingisha kichwa kwa furaha, akafungua mkoba, na mimi nikapewa sabuni.

Watu wa kikao walicheka hapo, na wewe labda utacheka. Mimi sikucheka siku ile na sicheki leo. Nilikuwa na swali zima mdomoni, mwenye kuulizwa yuko mbele yangu, ana masikio na ana nia njema, na kati yetu amesimama mtu mmoja ambaye ameamua kwa niaba ya kijiji kizima nini kisemwe. Bibi Somoe alifariki mwaka uliofuata. Hakuna aliyemjibu, wala hakuna aliyewahi kumkatalia. Ukikataliwa unajua umesikika. Yeye hakupewa hata hilo.

Nilipomaliza, Athumani akasema, "Sasa si umejipinga mwenyewe? Huyo mkalimani alikisoma hichohicho Kijerumani. Kimemsaidia nini bibi?"

"Ndiyo maana nataka aende wa kwetu," nikamwambia. "Tumewaachia wasiotujua watusemee, halafu tunakaa hapa barazani tunalalamika kwamba hatusikiki. Unasema waliwanyonga wazee wetu. Haya, yaliyoandikwa kuhusu vita vile na wao wenyewe, kwa lugha yao, nani katika ukoo huu anaweza kuyasoma? Wewe?"

"Na akikosa kazi utamlisha wewe?"

"Nitamlisha nini, Athumani, mimi mwenyewe nakula kwenu."

Hapo hata yeye alitabasamu, ingawa alivaa kofia yake na kuondoka bila kuaga. Baba yako akaweka kikombe chake chini. Kisha akasema, "Mjomba wake hajaridhia abadilishe. Basi, habari ya kubadilisha imekwisha." Dada yangu, mama yako, alikuwa nyuma ya mlango. Nilimsikia akishusha pumzi.

Kwa hiyo mlango uko wazi. Lakini sikuufungua ili uingie umeinamisha kichwa.

Mwanangu, katika jambo lako mwenyewe usiseme tena "mkisema nibadilishe." Heshima si kuwapa wakubwa zako maisha yako wayakate kama kitambaa. Sema unachotaka, sema kwa adabu, kisha tukatae tukiwa tumekusikia. Na Kijerumani chenyewe usikisome cha kuwapokelea watalii hotelini. Kisome mpaka ujue wanavyotaniana, wanavyoombana radhi, wanavyomlilia maiti wao, maana mtu humwulizi jambo zito akakujibu kama hujui nyumbani kwake jambo zito linasemwaje. Soma mashairi yao hata mikorosho ikicheka. Ukikuta walipoandika ukweli juu yetu, useme. Ukikuta walipoandika uongo, useme pia, na useme kwa lugha yao ili wasisingizie kwamba hawakuelewa.

Siku utakaposimama kati ya watu wawili wasioelewana, peleka yote. Tamu ipeleke, chungu ipeleke, na usimpunguzie mtu neno lake kwa kuogopa chakula chako. Na likizo ukirudi, kaa na bibi yako, akufundishe Kimachinga ambacho mmeanza kukionea haya. Huwezi kuyafikisha maneno ya mtu ng'ambo wakati hukumsikia akiwa hapa.

Thibitisha leo, usingoje Ijumaa. Ukinuna kwa kuwa nimekugombeza, nuna, lakini thibitisha.

Mimi na mama yako tuko radhi nawe, na radhi hiyo haina masharti. Mwenyezi Mungu akupe kifua kipana na ulimi mwepesi, akukutanishe na walimu wenye subira, akuepushe na wenye kukupa tabasamu badala ya jibu, na akurudishe kwetu ukiwa bado unauliza. Amina.